Fedha Haijafika: Waongozaji Watatu wa Dakar

Katika filamu ya Xala, iliyoongozwa na Ousmane Sembène mwaka 1975, uhuru unapatikana na kupotea kabla mtazamaji hajakaa vizuri kitini. Wafanyabiashara wa Kisenegali wanapanda ngazi za Chemba ya Biashara. Wanabeba sanamu za Wafaransa na vitu vyao, wanaviweka nje, kisha Wafaransa wenyewe wanatolewa huku wananchi wakicheza ngoma barabarani. Hakuna wanaojibizana. Sauti ya rais wa chemba inapita juu ya picha ikitangaza ujamaa, tena ujamaa wa Kiafrika, wenye utu. Muda si muda wale waliotolewa wanarudi. Mmoja anawaongoza polisi kuwasukuma wananchi wakae mbali na ngazi. Wenzake wamekuja na mikoba, wanaipanga mezani mbele ya wajumbe, na wajumbe, ambao sasa wamevaa suti, kila mmoja anafungua mkoba wake, anachungulia noti, anafunga.

Vimeandikwa vitabu vingi kuhusu ukoloni mamboleo, na sikumbuki ukurasa unaosema zaidi ya kile kitendo cha kufunua mkoba na kuufunika. Sembène hakumjibu rais wa chemba kwa hotuba nyingine. Alimwacha aseme mpaka achoke, akaielekeza kamera kwenye mikoba. Watu hudhani kazi ya mwongozaji ni kupaza sauti na kuwapanga waigizaji. Mimi naiona zaidi katika uamuzi huu mmoja: mtu anaposema neno kubwa, sisi tuwe tunatazama wapi?

Nasema neno kubwa kwa sababu siasa isiyoiva si lazima iwe uongo. Yule rais wa chemba pengine anaamini anachosema. Ana lengo, ana adui anayejulikana, ana makofi. Kinachokosekana ni yale maswali ya mtu aliyeko kwenye foleni: nani atalipa, lini, dirisha namba ngapi? Mwanasiasa akiulizwa hivyo hukasirika, na mshabiki wake hukasirika zaidi. Dakar ina waongozaji watatu, wa vizazi vitatu, ambao kwa zaidi ya miaka 50 wamekuwa wakiuliza swali hilo hilo kwa njia zisizofanana hata kidogo. Tukiziweka filamu zao pamoja tunaona jambo la ajabu: karibu zote zinahusu fedha ambayo mtu anastahili kuipata na haijafika.

Sembène alizaliwa Ziguinchor, kusini mwa Senegali, mwaka 1923, baba yake mvuvi. Alipigana Vita Kuu ya Pili akiwa askari wa Ufaransa, akawa kuli wa bandari huko Marseille, akaingia chama cha wafanyakazi na chama cha kikomunisti. Alianza na riwaya. Aliandika kwa Kifaransa kuhusu watu ambao wengi wao hawakuweza kusoma Kifaransa, na hilo lilimkera kiasi kwamba akiwa anakaribia miaka 40 alikwenda Moscow kujifunza sinema. Alipenda kuiita sinema shule ya jioni. Mtanzania aliyekulia enzi za ngumbaru atamwelewa mara moja, na ataijua pia hatari yake. Mwalimu wa jioni hunogewa na maneno yake mwenyewe, maana wanafunzi wamechoka na hawabishi.

Filamu yake bora kwangu ni Mandabi, ya 1968. Najua wengi wataitaja Xala, na wengine Moolaadé ya 2004, ile ya mwanamke anayewakinga wasichana wasikeketwe. Siwapingi sana. Ila Mandabi ndiyo ambayo ufundi wake unaishinda hata siasa ya aliyeitengeneza.

Inaanza kwa kinyozi wa nje. Wembe unapita kichwani kwa mteja, kisha anashughulikiwa hadi ndani ya pua, bila haraka, na kamera imesogea karibu mno, karibu kuliko adabu inavyoruhusu. Mteja huyo ni Ibrahima Dieng: wake wawili, watoto saba, kazi hana. Anajipenda, anavaa vazi pana ambalo halitulii mabegani, na nyumbani anatumikiwa kama sultani. Siku hiyo mpwa wake, anayefagia barabara Paris, amemtumia hawala ya faranga 25,000. Nyingi ni za kumtunzia huyo mpwa, sehemu ni za mama yake, na Dieng mwenyewe ametengewa 2,000. Lakini kabla hajaiona karatasi yenyewe, wake zake wameshachukua mchele dukani kwa mkopo, na mtaa mzima umeshajua.

Kuanzia hapo filamu nzima ni nenda rudi. Posta wanataka kitambulisho. Polisi wanasema kitambulisho kinahitaji cheti cha kuzaliwa, picha na stempu. Ofisi ya jiji wanataka tarehe ya kuzaliwa, na Dieng tarehe haijui. Mpiga picha anakula fedha na picha haitoki. Kila mahali pana mjuaji wa mjini aliye tayari kusaidia kwa kitu kidogo. Mwisho anamwamini ndugu yake mmoja, msomi mwenye gari, amchukulie ile hawala. Ndugu anarudi na kisa cha kuibiwa.

Tazama jinsi Sembène anavyowaonyesha makarani. Hakuna hata mmoja aliye shetani. Wanachokiomba ni halali: dola huru haiwezi kumlipa mtu isiyemjua. Ukisimama nyuma ya dirisha la posta utamwona Dieng kuwa ni mzee msumbufu asiye na karatasi. Ukisimama mbele ya dirisha utaiona nchi huru ambayo imeandaa fomu za raia kabla ya kuwaandaa raia wenyewe. Mwongozaji anakuweka pande zote mbili, mara nyingine ndani ya picha moja. Halafu anakataa kumfanya Dieng mtakatifu. Anakula akabeua, anawafokea wake zake, anajisifu kwa fedha ya kijana anayefagia barabara za ugenini. Siasa isiyoiva hupenda mnyonge aliyenawa uso, mpole, mwenye machozi. Sembène alikuwa mkomunisti kwa miaka mingi, na bado alijua kwamba mnyonge anaweza kuwa na majivuno na uchoyo na akastahili kulipwa vile vile.

Mtanzania Amandina Lihamba aliigeuza hadithi hii kuwa tamthiliya ya Kiswahili, Hawala ya Fedha, na haikuhitaji kusukumwa sana ili ikae Dar es Salaam. Azimio la Arusha lilitangazwa mwaka 1967, mwaka mmoja kabla ya Mandabi. Ujamaa wa Rais Senghor wa Senegali na ujamaa wa Nyerere ni vitu viwili tofauti, lakini njoo kesho ya karani ilikuwa moja.

Pale Sembène anaponipoteza ni mwishoni. Dieng amekata tamaa, anasema heri naye awe mwizi, kwa kuwa uaminifu haulipi. Mgawa barua anamwambia kwamba nchi hii itabadilika, sisi wenyewe tutaibadilisha. Sisi nani? Kwa dakika hiyo shule ya jioni imeshika chaki, na kauli inayotolewa haina kitambulisho wala cheti cha kuzaliwa. Filamu nzima imetufundisha kuwauliza watu wa namna hiyo maswali, sasa inatuomba tumwachie mmoja apite. Simwachii. Ila namsamehe mwongozaji, kwa sababu yeye mwenyewe alijua vizuri kuliko mgawa barua jinsi mambo yanavyolipiwa. Mandabi, filamu ndefu ya mwanzo kutengenezwa kwa Kiwolofu, ilipata fedha kutoka serikali ya Ufaransa, na masharti yake yalimfanya aitengeneze mara mbili, kwa Kiwolofu na kwa Kifaransa. Mtu aliyewacheka wajumbe kwa mikoba yao alikuwa ameshakaa mezani na wenye mikoba, akatoka na filamu. Na Xala ilipokatwakatwa na wakaguzi wa serikali ya Senegali, aliwagawia watazamaji vipeperushi vya kuwaeleza ni vipande gani vimeondolewa. Hiyo ni siasa iliyoiva.

Djibril Diop Mambéty alikuwa mdogo kwa Sembène kwa miaka 22. Alizaliwa Colobane, Dakar, hakusomea sinema popote, alikuwa mwigizaji wa jukwaani mpaka wakamtimua. Mwaka 1973, akiwa na miaka 28, alitoa Touki Bouki. Ukiwatazama wawili hawa usiku mmoja utafikiri wametoka mabara mawili. Sembène hukata picha kama mtu anayejenga hoja: hiki kimesababisha hiki, mhalifu ni huyu. Mambéty hukata picha kama mtu anayeota mchana. Ng'ombe anaingia machinjioni, damu inamwagika sakafuni, mara tuko juu ya pikipiki iliyofungwa fuvu la ng'ombe lenye pembe, mara wimbo wa Josephine Baker wa kuisifu Paris unarudi tena na tena mpaka utamu wake unageuka kichefuchefu.

Mory, mchungaji wa ng'ombe mwenye pikipiki, na Anta, msichana wa chuo kikuu, wanatafuta nauli ya meli ya kwenda Ufaransa. Ndiyo siasa yao yote: kuondoka. Mambéty haicheki, wala haiamini. Na wale wenye siasa ya kubaki hawaamini zaidi. Wanafunzi wa chuo, wanamapinduzi kwa maneno yao, wanamkamata Mory, wanamfunga kamba na kumtembeza kwenye gari pamoja na lile fuvu lake. Wanamapinduzi wanamfanyia mchungaji kile ambacho machinjio yanamfanyia ng'ombe, na mwongozaji haongezi neno. Baadaye Mory, akiwa ameiba gari na nguo za tajiri, anasimama uchi ndani ya gari la wazi, ngumi juu, anaupungia umati ambao haupo. Marais wengi wa zama zile walipigwa picha katika mkao huo. Yeye pekee ndiye aliyekuwa mkweli kuhusu mavazi.

(Mwaka 2018 Beyoncé na Jay-Z walipiga picha ya kutangaza ziara yao wakiwa juu ya pikipiki yenye fuvu la pembe, na vijana wengi wakaijua Touki Bouki kwa njia hiyo. Si vibaya. Lakini mnyama wa Mambéty alikuwa anakwenda kuchinjwa, na hilo halikuonekana kwenye bango.)

Wapo wanaosema Mambéty alikuwa msanii tu, kwamba siasa alimwachia Sembène. Waitazame Le Franc, ya 1994. Januari ya mwaka huo faranga ya CFA ilipunguzwa thamani kwa nusu: ukilala na fedha yako, unaamka imebaki nusu. Marigo, mpiga muziki fukara, ananunua tiketi ya bahati nasibu, na kwa kuogopa kuibiwa anaigundisha mlangoni na kuifunika kwa picha ya shujaa anayemhusudu. Tiketi inashinda. Haibanduki. Basi Marigo anang'oa mlango, anaubeba mgongoni, anavuka nao Dakar nzima kwenda kudai chake, na ofisini anaambiwa hawawezi kulipa mpaka tiketi itoke kwenye mlango.

Hapa vizazi viwili vinakutana ana kwa ana. Dieng wa 1968 na Marigo wa 1994 wote wana karatasi yenye fedha ambayo hawawezi kuipokea. Kwa Dieng kizuizi ni ofisi, na ofisi, kwa imani ya Sembène, inaweza kurekebishwa na watu wenye akili. Kwa Marigo kizuizi ni mlango wake mwenyewe na shujaa aliyemganda juu yake, na kinachosubiriwa ni fedha ambayo thamani yake imeamuliwa kwingine usiku mmoja. Nani wa kumlaumu? Mambéty hatafuti. Anamfuata mtu na mlango wake, kwenye basi, jalalani, ufukweni, na unacheka huku mabega yako yakiuma kwa niaba yake. Marigo anaingia nao baharini ili maji yabandue tiketi, mawimbi yanachukua kila kitu, na mwishoni tiketi anaikuta imenata kwenye kipaji cha uso wake. Anacheka kama kichaa. Sijui mwisho wa filamu nyingine ya Kiafrika unaonipa furaha yenye mashaka kiasi hicho, na kama ningelazimishwa kuchagua mmoja kati ya wazee hawa wawili kwa mwisho wa filamu tu, ningemchagua mdogo. Kwa katikati ya filamu ningemchagua mkubwa.

Kuhusu Hyènes, ya 1992, sitasema mengi, ingawa ilisifiwa sana. Bibi tajiri anarudi kijijini na kuwaahidi watu mali wakimuua mwanamume aliyemtelekeza ujanani, na mara majokofu na mapangaboi yanaanza kushuka kijijini kwa mkopo. Hoja yake inaonekana mapema, halafu inaendelea kuonekana. Afadhali Sili Laam, msichana wa magongo mawili anayeuza magazeti mitaani katika filamu ya mwisho ya Mambéty, iliyotoka 1999 baada ya kifo chake. Sili anauza Le Soleil, gazeti la serikali. Anaambiwa kwamba gazeti la wananchi ni lile jingine. Anajibu kuwa ataendelea kuuza la serikali, ili serikali isogee karibu na watu. Sentensi hiyo ingesomwa jukwaani ingekuwa porojo. Kinywani mwa mtoto mlemavu mwenye mzigo wa magazeti asiojua kama utaisha, inageuka kuwa mpango wa kazi.

Mati Diop alizaliwa Paris mwaka 1982. Baba yake ni mwanamuziki Wasis Diop, mdogo wake Mambéty na mtunzi wa muziki wa Hyènes. Kwa hiyo Mambéty ni baba yake mkubwa, na huo ni mzigo. Angeweza kumtukuza. Badala yake, katika Mille soleils ya 2013, alimtafuta Magaye Niang, aliyeigiza Mory mwaka 1973, akamkuta mzee, mfugaji wa ng'ombe hapo hapo Dakar. Niang hakuondoka kweli, kama vile Mory hakuondoka. Mwenzake aliyeigiza Anta, filamu inatuambia, yuko Alaska.

Usiku mmoja mzee anachukua teksi kwenda kuitazama Touki Bouki ikionyeshwa hadharani. Dereva ni Djily Bagdad, mwanamuziki wa kufokafoka wa vuguvugu la Y'en a marre, lililoanza 2011 kupinga utawala wa Abdoulaye Wade. Anamvaa mzee: kizazi chenu kimefanya nini? Kijana ana haki ya kuuliza, na mzee hana jibu. Lakini tazama kamera iko wapi. Inakaa na uso wa anayefokewa, muda mrefu, mpaka hasira ya kijana inaanza kusikika kama kitu ambacho naye ataambiwa siku moja kwenye teksi ya mwingine. Kisha filamu inaonyeshwa, mzee anawaambia watoto kwamba yule kijana mzuri pale kwenye kitambaa ni yeye, na watoto wanacheka, hawasadiki.

Katika Atlantique, ya 2019, iliyopata Tuzo Kuu ya jopo huko Cannes, deni ni la mshahara. Vijana wamejenga ghorofa la kifahari Dakar, miezi inapita hawajalipwa, wanaingia kwenye mtumbwi kwenda Hispania, bahari inawameza. Wanarudi usiku ndani ya miili ya wasichana wao, macho meupe, wanakaa sebuleni kwa mkandarasi na kudai fedha yao. Hawataki mapinduzi. Wanataka mishahara, yote, mkononi, kisha wanamchukua mkandarasi makaburini akawachimbie makaburi. Sehemu ya askari mpelelezi ingeweza kupunguzwa bila mtu kuuliza. Ila wale wasichana kwenye sofa la tajiri, waliotulia kama wageni waliokuja na miadi, ni mkutano wa chama cha wafanyakazi ambao Sembène asingeweza kuuwaza, na ni deni lile lile la Sembène.

Na mwaka 2024 ikaja Dahomey, iliyoshinda Dubu wa Dhahabu Berlin. Novemba 2021 Ufaransa iliirudishia Benin vitu 26 vya kifalme vilivyoporwa Abomey wakati wa ukoloni. Diop anavifuata kutoka makumbusho ya Paris mpaka Cotonou, na sanamu ya mfalme Ghezo, yenye namba 26, inazungumza kwa Kifoni kutoka gizani mwa kreti lake. Halafu anaingia kwenye mjadala wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Abomey-Calavi. Mmoja anasema vitu 26 kati ya maelfu ni matusi. Mwingine anasema ni mwanzo. Mwingine anasema rais anajijengea jina. Wengine wanaumia kwa kuwa wanabishana yote hayo kwa Kifaransa. Karibu kila wazo linalosemwa ni bichi, na karibu kila moja lina chembe ya kweli.

Najaribu kuwaza wazee wale wangeweka kamera wapi ukumbini humo. Sembène angekaa karibu na kipaza sauti, amngoje anayesema kweli, ampe neno la mwisho. Mambéty angekuwa nje na vibarua wanaobeba makreti, ajue wanalipwa kiasi gani. Mati Diop anakwenda kwenye nyuso za wanaosikiliza: anayetabasamu kwa kejeli, aliyekunja uso, aliyeshika shavu akingoja zamu yake aulize vilivyobaki vitaletwa lini.